Chagua ziwa moja ukae

Wengi wetu wa Bukavu tunapopanga safari ya Ulaya huorodhesha Paris, Brussels, Roma na Geneva ndani ya wiki mbili, kisha tunarudi tukizijua stesheni kuliko miji yenyewe. Ndugu na marafiki wanaoniomba ushauri nawaambia wachague ziwa moja, wapange chumba chenye jiko katika mji mdogo kando yake, na matembezi yote yaanzie hapo.

Mimi hupendekeza ziwa Léman, lililo kati ya Uswisi na Ufaransa, ambako Kifaransa chetu cha shuleni kinatosha kabisa. Kaa Vevey au Cully, kwenye mashamba ya mizabibu ya Lavaux yaliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2007. Njia ya miguu kutoka Saint-Saphorin hadi Lutry ina kama kilomita 11, na kwa kuwa vijiji vingi vya njiani vina stesheni, anayechoka hupanda treni bila aibu. Alasiri gusa kuta za mawe zinazoshikilia udongo wa mtelemko: zina joto, na wenyeji husema zabibu zao huivishwa na majua matatu, yaani la angani, linalong'aa ziwani na lililohifadhiwa na mawe. Mavuno huwa Septemba na Oktoba, majira ninayoyapenda hata kuliko divai yenyewe.

Faida kubwa ya kukaa ni mlima. Treni ya meno, yaani yenye gurudumu la meno linaloshika reli kwenye mwinuko mkali, hupanda kutoka Montreux hadi Rochers-de-Naye, kilele cha mita 2,042, na nauli yake si ndogo. Mwenye siku mbili tu atapanda hata kwenye ukungu. Mwenye wiki tatu husubiri asubuhi ya anga safi.

Hata viza hurahisika. Uswisi na Ufaransa zimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo kuvuka kwa boti kutoka Lausanne hadi Evian hakuhitaji viza ya pili, na maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Unaweza kuomba miezi 6 kabla, ukiwa na bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na usizidishe siku 90 katika kila siku 180.

Uswisi ni ghali, ndiyo maana nasisitiza jiko. Maduka mengi hufungwa Jumapili. Nunua chakula Jumamosi, tena kwa faranga za Uswisi.