Usisaini mkataba wenye tarehe mpya ya kuanza kazi

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Umesema ghala lenu hapa Mtwara linaita watu wa msimu wa korosho, wewe una misimu minne pale, na unatakiwa usaini mkataba mpya pamoja na karatasi ya "sina madai yoyote" ndipo upangiwe mizani badala ya kupakua magunia. Umeuliza pia zamu za usiku na likizo. Hayo yasubiri. Karatasi hiyo ndiyo iliyonimaliza mimi, na sitaki ikumalize na wewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi kwamba mkongwe ndiye achague kazi kwanza. Haki hiyo inatoka kwenye mkataba wa hali bora uliosainiwa kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Mwombe katibu wa tawi nakala, ukae chini usome kifungu cha ukongwe, yaani muda uliotumikia, neno kwa neno. Kikisema "tarehe ya kwanza kuajiriwa", miezi uliyokaa nyumbani haikuumizi. Kikisema "utumishi usiokatika", tafuta kama kuna mstari unaowalinda watu wa msimu. Kama haupo, pengo kati ya msimu na msimu linaweza kukuweka nyuma ya kijana aliyeingia juzi. Kama huwa wanakuita pia kwenye ufuta na mbaazi, siku hizo nazo zidai, zinapunguza pengo.

Sasa angalia mkataba unaopewa. Sehemu mbili zinaua: tarehe ya kuanza kazi na jina la mwajiri. Tarehe ikiwa ya Oktoba hii, umekubali kwa mkono wako kwamba wewe ni mgeni. Jina likiwa la wakala badala ya mwenye ghala, ni vibaya zaidi, kwa sababu sheria inahesabu muda wako kwa mwajiri yule yule. Aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, kwa mkataba mmoja au zaidi, hawezi kulalamikia kuachishwa isivyo haki. Misimu yako minne ikijumlishwa unavuka. Ukianza upya, huvuki. Na siku ya kupunguza watu, kipimo kinachotumika sana ni aliyeingia mwisho kutoka kwanza.

Wale viongozi wa tawi wanaopita wakisema "saini tu, ni utaratibu" wananichoma moyo mpaka leo. Wanachukua ada ya mwanachama kila mwezi wa kazi, halafu hawajafungua hata mkataba walioujadili wao wenyewe! Mtu akikwambia saini tu, mwambie akuandikie hayo maneno na aweke sahihi yake. Utaona anavyokumbuka ana kikao.

Wakikubana usaini, dai tarehe irekebishwe. Wakikataa, andika kwa mkono kwenye nakala zote mbili, juu ya sahihi yako: "Nilianza kazi kwa mwajiri huyu tarehe fulani, siachi haki za utumishi wangu wa nyuma." Ile ya "sina madai" usiiguse. Piga picha kila ukurasa.

Ushahidi wa tarehe uwe nao mapema: taarifa ya michango ya NSSF, yenye jina la mwajiri na miezi, nakala ya TUF 6, fomu uliyojaza ukatwe ada ya chama, miamala ya mishahara kwenye simu. Mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoamua migogoro ya kazi, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake, lakini usiende mikono mitupu.

Kuhusu mizani, mikataba mingi inapima ukongwe miongoni mwa wanaoiweza kazi. Omba nafasi kwa barua kabla orodha haijabandikwa, utaje misimu uliyosoma uzito. Ukirukwa, lalamika kwa maandishi kupitia mwakilishi wa chama, na uhesabu siku tangu siku ya uamuzi: 60 kufikisha mgogoro CMA, 30 tu kama umeachishwa kazi. Vikao vya tawi havisimamishi siku hizo. Fomu namba 1 ya CMA, ile ya kufungulia mgogoro, mpe mwajiri kwanza, akugongee muhuri wa kupokea, ndipo uipeleke ofisi ya CMA.

Kesho asubuhi anzia NSSF, kabla hujakanyaga ghalani.