Tulikuwa Sita na Hakuna Aliyenyanyuka

Mara ya mwisho niliandika hapa kuhusu wasichana wanaobakwa baada ya sherehe. Barua nyingi zilizofuata hazikutoka kwa walioumizwa. Zilitoka kwa waliokuwepo, wakiwa na glasi mkononi. Leo najibu chache, majina nimeyaondoa.

Shikamoo dada. Tulikuwa sita kwenye bethidei ya mwenzetu hapa chuoni Dodoma, tunakunywa tangu jioni. Kijana mmoja alimshika mkono rafiki yetu ambaye alikuwa hajiwezi, wakatoka. Tuliwaona. Asubuhi ndipo tulipojua alichofanyiwa. Mbona hakuna hata mmoja aliyenyanyuka? Sisi ni watu wa aina gani?

Marahaba, mdogo wangu. Ninyi ni watu wa kawaida, ndiyo maana barua yako nimeitanguliza. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwasikilizisha wanafunzi sauti ya mtu anayeshikwa na kifafa chumba kingine. Kati ya waliodhani ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walikimbilia kutafuta msaada. Kati ya waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu. Na hao hawakuwa wamegusa pombe. Kila mmoja hudhani mwenzake atasaidia, naye anatulia.

Wataalamu hao walieleza kwamba mtu hufika kwenye kusaidia kwa ngazi tano: aone, atambue kuwa ni hatari, ajihesabu kuwa anahusika, ajue la kufanya, kisha afanye. Pombe huvuruga zote, lakini huanza na za chini kabisa. Mwaka 1990 Claude Steele na Robert Josephs walieleza kwamba mlevi hubaki na kile kinachomvuta zaidi pale pale alipo, mengine yanafifia. Kwenye bethidei kinachovuta ni muziki, keki na vicheko. Mkono wa msichana unaovutwa kuelekea mlangoni haupigi kelele. Ndiyo maana mliona na msitambue mlichokuwa mnakiona.

Aliyetenda ni yule kijana, na kosa ni lake lote. Lakini mwendeeni rafiki yenu, mmwambie: tulikuwepo, hatukukulinda, tusamehe. Msipomwambia, kimya chenu atakisikia kama lawama.

Dada, mimi nikiwa mzima ni mpole sana. Nikishapiga tatu nne ndiyo simwogopi mtu. Huoni kwamba pombe ingenisaidia kumtetea dada wa watu?

Kaka yangu, hilo limepimwa. Ruschelle Leone na Dominic Parrott wa Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, waliwapa wanaume wengine pombe na wengine kinywaji kisicho na kileo. Kisha wakawaweka mbele ya tukio: mwanamke aliyekwisha kusema hapendi video za ngono anaonyeshwa video ya aina hiyo hiyo, na wao wana uwezo wa kuisimamisha. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliozuiwa na pombe kusaidia walikuwa wanaume wenye nia kubwa ya kusaidia. Yaani chupa humwibia mtu mwema, maana asiyejali hana cha kuibiwa.

Huo ujasiri unaousikia baada ya bia ya nne ni wa kurusha ngumi. Ngumi ikirushwa, ukumbi mzima unaangalia ugomvi, na msichana amesahaulika kwenye kiti.

Mimi ni mhudumu wa baa, Mwanza. Kuna mwanaume anakuja, anamwagizia msichana bia juu ya bia na yeye anakunywa soda. Mwisho wake naujua. Bosi anasema mteja asisumbuliwe. Nifanyeje?

Pole kwa mzigo huo. Katika ukumbi ule wewe ndiye uliye macho, na barua yako imenikaa moyoni kuliko zote. Mtu anayekunywa soda huku akimjazia mwenzake glasi ana mpango.

Usimkabili yeye. Mfuate msichana. Mwambie anaitwa kaunta, au msindikize msalani, na mkiwa wawili umuulize: huyu unamfahamu? Unataka kuondoka naye? Rafiki yako yuko wapi, nimpigie? Bia inayofuata ichelewe, maji yatangulie. Bili nayo ichelewe. Baunsa na mtu wa kaunta waambie mapema, kabla hao wawili hawajanyanyuka, kwa sababu mkiwa watatu bosi hawezi kusema ni wewe uliyemsumbua mteja. Msichana akiwa hajiwezi kabisa, asipakiwe peke yake kwenye bajaji, hata kama dereva mnamfahamu. Akae ndani kwenu mpaka ndugu au rafiki aje.

Na bosi mkumbushe kwamba kesi ya ubakaji ikianzia kwenye meza yake, polisi watakuja kwake kuuliza maswali.

Alikunywa kwa hiari yake na alisema ndiyo. Kosa liko wapi?

Alikubali kunywa, na hilo si sawa na kukubali kulala na mtu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya 2006 inataka ridhaa ya mtu mwenye uhuru na uwezo wa kuchagua, na inamtaja aliyelala, aliyepoteza fahamu, na ambaye pombe imeathiri fahamu au uamuzi wake. Tanzania, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinataja ridhaa iliyopatikana wakati mwanamke amelewa kilevi alichopewa na mwanaume huyo au mtu mwingine. Yule wa soda hapo juu akisome.

Ni mdogo wangu, amebakwa usiku wa jana. Nianzie wapi?

Hospitali, sasa hivi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Za kuzuia mimba zisivuke siku tano. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Amana, Dar es Salaam, na baadhi ya hospitali nyingine kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri wako mahali pamoja. Polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Mliopo Kenya, pigeni 1195, simu ya msaada wa ukatili wa kijinsia. Usimuulize alikunywa ngapi.

Jumamosi tuna sendofu Moshi na vinywaji vitakuwa vingi. Tupange nini?

Pangeni leo, msisubiri saa tano usiku. Wawili kati yenu wasinywe kabisa, na majina yao yaandikwe kwenye kundi lenu la WhatsApp ili kila mtu ajue wa kumfuata. Nasema wawili kwa sababu mmoja ataitwa kucheza, au atatumwa jikoni. Mliofika pamoja mwondoke pamoja. Anayetaka kuondoka na mtu mwingine awaage wale wawili uso kwa uso, na kama hawezi kusimama na kusema anakwenda wapi na nani, haendi.