Piriton kwenye kabati la shule haitoshi

SWALI: Daktari, mwanangu yuko darasa la pili, ana kilo 20. Mwaka jana alikula kashata ya karanga, midomo ikavimba na pumzi zikambana, tukamkimbiza hospitali. Shule imekubali kumwekea Piriton kabatini ofisini. Inatosha? – Mama Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Haitoshi. Piriton hutuliza muwasho na vipele vya mzio (aleji). Haifungui koo linaloziba wala haipandishi presha iliyoshuka. Dawa inayookoa hapo ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, katikati, upande wa nje. Ikichelewa, mtoto anaweza kufa huku amekwisha kunywa Piriton.

Nchi nyingine shule huweka sindano zilizojazwa tayari. Kwa uzito wa mwanao ni ile ya miligramu 0.15. Kwetu ni adimu na ghali, kwa hiyo mara nyingi tunabaki na ampuli, yaani kichupa cha kioo ambacho dawa yake huvutwa kwa sindano. Hapa nakuomba umakini: ampuli ya kawaida ina miligramu 1 katika mililita 1, na kipimo cha mwanao ni mililita 0.2 tu, sehemu yake ya tano. Hesabu hiyo asiachiwe mwalimu aliyeshikwa na hofu. Daktari wenu aiandike kwenye karatasi, na muuguzi awafundishe walimu wawili au watatu, kwa bomba la mililita 1, mpaka mikono izoee.

Dawa isifungiwe kwa ufunguo ulio mfukoni mwa mtu. Isiwekwe kwenye friji wala juani, na tarehe ya kuisha iangaliwe kila muhula.

Waeleze walimu wasisubiri vipele, maana wakati mwingine havitokei. Sauti ikikauka, akikohoa mfululizo, akitoa mluzi kifuani au akilegea baada ya kula, wamchome. Wasimtembeze hadi ofisini! Dawa imfuate alipo, naye alazwe miguu ikiwa juu. Kama pumzi zinambana, akae. Asiposimamishwa ghafla, moyo wake una nafasi. Dakika 5 zikipita bila nafuu, achomwe tena. Hata akipata nafuu aende hospitali, kwa sababu hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Jambo moja zaidi: ulizia uji wa shule. Unga wa lishe mara nyingi husagwa pamoja na karanga.