Rungu kiunoni: mambo niliyochelewa kuyajua

Nilipoanza ulinzi wa duka nilikabidhiwa sare, filimbi, redio ya upepo na rungu. Sare ilinibana, redio ilikuwa na betri mbovu, lakini rungu nililipenda papo hapo. Nikawa nazunguka kati ya rafu mkono wa kulia umelilalia, kifua mbele. Siku ya tatu mzee niliyepangwa naye zamu akanivutia nyuma ya rafu za sabuni akaninong'oneza: "Kijana, toa mkono hapo. Wateja unawatisha, wezi huwatishi."

Akaniambia nimwangalie mikono yake tu. Ilikuwa mbele ya tumbo, kiganja kimoja juu ya kingine, haijakunjwa ngumi. Anayekujia kwa hasira anaona mtu anayemsikiliza, na ikitokea amerusha konde, mikono ile iko karibu kabisa na uso. Wangu ulikuwa chini kiunoni, umeshughulika na mti.

Wewe unayeanza, kabla hujalifunga mkandani, muulize mwajiri maswali mawili na upate majibu kwa maandishi: je, sheria ya hapa inaniruhusu kubeba hiki kitu, na nani atanifundisha? Kuna mahali linatakiwa kibali, na kuna mahali haliruhusiwi kabisa. Usidanganywe na sare pia. Sehemu nyingi mlinzi wa duka hana mamlaka ya polisi. Ana haki ileile ya raia yeyote ya kujikinga au kumkinga mwingine, tena kwa kiasi cha hatari iliyopo. Kijana amechomoka na chupa ya manukato, anakimbia, wewe unamfuata na kumtandika mgongoni. Hapo ulikuwa unajikinga na nini? Chupa ile duka litaagiza nyingine. Kesi itakuwa yako, naye ndiye atakuwa mlalamikaji.

Sasa mahali pa kupiga, kama imefika huko. Lenga penye nyama: paja, shavu la mguu, au mkono ulioshika silaha. Kichwa, shingo, koo, uti wa mgongo, figo na tumbo uviache. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo mwaka 2020 kuhusu silaha zisizokusudiwa kuua, na hata askari wa dola wanaambiwa waepuke sehemu hizohizo. Wageni wengi wa kazi hii hunyanyua rungu juu kama anayepasua kuni. Ulilenga bega, yeye akainama, limetua utosini. Pigo lije kutoka pembeni, chini ya kiuno. Na kati ya rafu mbili nafasi ya kuzungusha mkono huna. Utavunja chupa na kumpata mteja aliyesimama nyuma yako.

Rungu la chuma la kukunjuka lina vituko vyake. Lile ambalo vipande vyake hukazana kwa msuguano hukunjuka kwa mtikiso mmoja wa mkono, lakini kulirudisha lazima uligonge ncha yake wima kwenye sakafu ngumu. Mimi nililifungua kumwonyesha mwenzangu, likagoma kurudi. Nikagonga mara moja, mara mbili, ya tatu kigae kikapasuka mbele ya foleni nzima ya malipo. Kigae nilikatwa kwenye mshahara. Kagua pia kifuniko cha kitako kila unapoingia zamu: kikilegea, kibanio cha ndani hutoka na rungu hujikunjua lenyewe ukiwa unapanda ngazi.

Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha ni kunyang'anywa. Katika msongamano, kiwiko kiwe juu ya rungu, na upande lilipo uwe mbali na mtu unayezungumza naye. Siku moja niliinama kuokota risiti, likachomoka kwenye kishikio cha mkandani likabingirika hadi miguuni pa mtoto. Alilirudisha kwa adabu zote. Angeweza kuwa mtu mwingine.

Kwa miaka yote nimelitoa kwa dhati mara moja. Mlevi alivunja chupa mlangoni akaishika kwa shingo yake. Nilirudi hatua mbili, nikalishika rungu likiwa chini sambamba na paja, nikapaza sauti: "Weka chini! Rudi nyuma!" Nikarudia maneno yaleyale, kwa sababu mlevi neno la kwanza halimfikii, na kwa sababu waliosimama pale walihitaji kusikia kwamba nilimwonya. Mwenzangu alikuwa amekwisha kuita polisi kwa redio. Baada ya muda chupa ikamdondoka mwenyewe.

Nikaandika kwenye kitabu cha matukio: saa 1:40 usiku nimetoa rungu, sikupiga, sababu ni chupa iliyovunjika, umbali kama hatua tatu, mashahidi fulani na fulani. Msimamizi akacheka, akasema unaandika ukurasa mzima na hujamgusa mtu? Siku tatu baadaye ndugu za yule mlevi wakaja na mtu wao amefungwa bandeji mkononi, wakidai nilimpiga. Msimamizi akakimbilia kamera ya mlangoni. Usiku ule ilikuwa imegeukia maegesho ya magari. Akarudi mezani, akaomba kile kitabu.