Barua kwa mwanangu: kuhusu injini iliyo chini ya mwembe

Tororo

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako na nimefurahi kusikia kwamba nyote mko wazima huko Kampala. Umeniuliza, kwa adabu ambayo nimeiona vyema, kwa nini injini niliyoinunua kwa mwenye kinu aliyehamia mota ya umeme haijanguruma hadi sasa, miezi minane imepita, ilhali fundi mmoja amekuambia kuwa yeye angeiwasha kwa siku mbili.

Siku mbili zinatosha kabisa kuiharibu. Injini yangu ya kwanza, ambayo huenda huikumbuki kwa kuwa ulikuwa bwenini, niliwaita vijana wawili wakayavuta magurudumu yake mazito kwa bomba refu. Pistoni ilisogea, nasi tukashangilia. Tulipofungua tukakuta ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zimevunjika na ukuta wa silinda umechimbika mifereji. Fedha za silinda mpya zilizidi bei niliyoinunulia injini yenyewe, na marehemu baba yako hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angenigombeza.

Hii ya sasa ni injini ya dizeli ya Lister, ya silinda moja, aina iliyoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, karibu mwaka 1930, na ambayo baadaye iliigwa sana Rajkot, India. Nguvu yake ni farasi 6 tu kwa mizunguko 650 kwa dakika, na ni upole huo uliozifanya zisage mahindi vijijini miaka mingi bila kulalamika. Katika nchi za baridi, maji yaliyosahaulika ndani huganda na kupasua chuma. Kwetu adui ni kutu, nayo hufanya kazi kimya kimya. Mwenye kinu aliiacha ikae misimu kadhaa ya mvua bila kufunika bomba la moshi, maji yakaingia, ringi zikashikana na silinda.

Kwa hiyo nilifungua kichwa cha silinda, nikamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia juu ya pistoni, nikasubiri. Kila juma naongeza kidogo, kisha naweka kipande cha mti mgumu juu yake na kugonga taratibu. Nyundo haigusi pistoni hata mara moja. Jumatano iliyopita ilishuka kiasi cha unene wa ukucha. Sikumwambia mtu yeyote isipokuwa wewe.

Rangi ya kijani iliyobakia sitaifunika kwa rangi mpya, ingawa najua unaona ni uchakavu. Naipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, kwa maana mahali ilipofutika upande wa mkono wa kuwashia ndipo wasagaji walipokuwa wakijishikiza, nami nilikuwa mmoja wao. Mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu alikuja akataja bei kwa kilo. Nilimpa chai, akaondoka.

Pistoni ikishaachia, nitazikagua kabari zinazoshikilia magurudumu, kwa sababu gurudumu likichomoka hakuna ukuta wa kulizuia, kisha nozeli, ile inayonyunyizia dizeli ndani ya silinda. Ukiwapo siku hiyo, usiweke kidole mbele ya nozeli inapojaribiwa: dizeli inayotoka kwa shinikizo lile hupenya ngozi, na kidonda chake huonekana kidogo kuliko kilivyo.

Sasa nina ombi. Gasketi ya kichwa cha silinda, ile inayoziba kati ya kichwa na silinda, nimeitoa na kuifunga katika gazeti na kumkabidhi dereva wa taksi atakayekupigia simu. Ipeleke kwenye maduka ya vipuri ya Katwe, hapo Kampala, uilinganishe tundu kwa tundu na ile watakayokupa. Wakikwambia kwamba itakaa tu ukiikaza vizuri, mwanangu, ondoka uende duka jingine.

Ni mimi,
Mama yako