Usimgeuze mtoto aangalie mbele, dada, subiri kwanza!

Dada, nimesoma kwamba mtoto katimiza mwaka, miguu inagusa mgongo wa siti ya gari, muuzaji wa siti za watoto kakwambia umgeuze kwenye siti yake aangalie mbele kabla ya safari ya Jumamosi, halafu unauliza na kitambaa gani kinafulika kirahisi. Usimgeuze! Maneno hayohayo niliambiwa mimi na muuzaji wangu, "huyu kashakua, miguu inamuuma", tukamgeuza, na mume wangu alipoligonga lori lililosimama ghafla mbele yetu, mikanda ilishika mabega ya mtoto lakini kichwa kikarushwa mbele, shingo ndo ikabeba kila kitu. Tukalazwa hospitali. Alipona, namshukuru Mungu, ila yule muuzaji nikimkumbuka damu inanichemka, mtu anauza siti za watoto kila siku halafu hajui jambo la kwanza kabisa kuhusu siti za watoto!

Mtoto wa umri huo kichwa chake ni kizito mno kwa mwili wake na mifupa ya shingo haijakomaa. Akiangalia nyuma, gari likigonga kwa mbele anadidimia kwenye siti, kishindo kinasambaa kichwani, shingoni na mgongoni kwa pamoja. Miguu kukunjana si shida, watoto wanakunja miguu hata wakicheza sakafuni, na mguu ukivunjika unaungwa, shingo je?

Wala usihesabu miaka. Chama cha madaktari wa watoto Marekani tangu 2018 kinasema abaki akiangalia nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu cha siti yenyewe, na Sweden wengi wanakaa hivyo mpaka karibu miaka 4. Kikomo kimeandikwa kwenye lebo ubavuni mwa siti, ila soma vizuri maana siti zinazogeuzwa zina vikomo viwili, wewe shika kile cha kuangalia nyuma. Kama kishapita, tafuta siti kubwa zaidi ambayo nayo inaangalia nyuma.

Na usije ukaiweka siti ya mtoto kwenye kiti cha mbele penye eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi, ikifumuka inapiga palepale kichwa cha mtoto kilipo. Mikanda nayo ikaze mpaka ushindwe kuifinya ikunjike begani.

Nenda kwenye gari leo hii ukasome hiyo lebo, mpime mtoto, urudi uniandikie hapa inasema kilo ngapi na yeye ana ngapi.