Pampu moja, sola na TANESCO: umeme haujichagui

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kisima kirefu hapa Hombolo na pampu ya fezi tatu, volti 220, inayoendeshwa na inveta ya sola, ile inayobadili umeme wa paneli uweze kuendesha pampu. Jioni nataka umeme wa gridi wa TANESCO upokee ili nimalizie kumwagilia zabibu. Fundi wangu anasema tuunganishe waya za TANESCO na zile zinazoshuka kisimani, jua likizama umeme utajichagua wenyewe. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mzuie leo hii. TANESCO ikiingilia upande wa kutokea wa inveta, transista zake, swichi ndogo za ndani, zinapasuka papo hapo. Kibaya zaidi, gridi ikikatika mchana inveta ikiwa kazini, umeme wako unaweza kurudi hadi kwenye transfoma, ikaupandisha kufikia maelfu ya volti. Juu ya nguzo yuko fundi wa TANESCO, mtoto wa mtu, akiamini laini imezimwa.

TANESCO inaingia upande wa kuingizia, palipoandikwa R, S, T, mradi inveta yako inakubali umeme wa fezi moja, kama ule wa nyumbani. U, V, W ni za pampu peke yake. Kama kitabu chake hakiruhusu wazi vyanzo viwili pamoja, funga swichi mbili zenye kizuizi, moja isiwake mpaka nyingine izimwe. Pasipo hivyo, usiku umeme wa gridi unaweza kurudi kwenye paneli.

Lakini linaloniumiza kila wiki ni breka, ile swichi ya kukata umeme. Vishoka wanachukua breka ya nyumbani, ya AC (umeme wa kwenda na kurudi, kama wa TANESCO), wanaifunga kwenye waya za paneli na kusema breka ni breka. Si kweli! AC hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, ndipo cheche inapokufa. DC, umeme wa paneli unaokwenda upande mmoja tu, haipiti sifuri. Kule Mpunguzi niliitwa kwenye boksi linalonuka plastiki: kitasa cha breka kiko chini, kimezimwa kabisa, ndani moto mweupe unanguruma kati ya vyuma viwili. Paneli 8 za volti 45 ni volti 360, na jua halina swichi. Tulizifunika paneli kwa maturubai ndipo moto ukazimika. Mwenye shamba aliokoa shilingi elfu chache za breka, akapoteza inveta na nusura mkono.

Kwa hiyo geuza breka uisome kabla ya kulipa: iwe ya DC, na volti zake zizidi za paneli zako zote asubuhi ya baridi ya Julai, maana baridi huzipandisha. Na huyo fundi akuoneshe leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajafungua boksi.